Dhiki ya Moyo au ya Mfuko?

Mgonjwa wa Soweto, mjini Moshi, akiulizwa na muuguzi kama ana dhiki, huenda akaanza kueleza ada ya shule na kodi ya nyumba. Hajakosea. Neno la Kiingereza distress hufasiriwa mara nyingi kuwa dhiki, ilhali katika mazungumzo ya kila siku dhiki ni ukata kwanza. Uchungu wa moyo hufuata.

Wasiwasi nao una sura mbili. Mwenye wasiwasi na jirani yake anamshuku tu, wala haumwi. Ni afadhali kuuliza juu ya mwili: moyo hudunda bila sababu? Usingizi hupotea?

Lakini neno lenye hatari zaidi ni jepesi kuliko yote. Wataalamu wa Tanzania husema sonona, wenzao wa Kenya unyogovu; mgonjwa mwenyewe husema, “Nina mawazo,” akimaanisha huzuni isiyomwacha. Sasa dodoso la PHQ-9, lililochapishwa mwaka 2001, huuliza katika swali lake la 9 juu ya mawazo ya kufa au kujidhuru. Aliyesikia “mawazo” pekee ataitikia “ndiyo” kwa huzuni yake. Mwingine, anayetamani kufa kweli, jibu lake litadhaniwa ni hilo hilo. Swali hilo lisomwe taratibu, neno kufa litamkwe waziwazi. Kuuliza hakumpandikizii mtu nia ya kujiua. Akithibitisha, asiachwe peke yake, na aonwe na daktari siku hiyo hiyo.