Roki Nayo Yaimbika kwa Lugha ya Mama
Wapenzi wa muziki wa roki huisifu mno albamu ya tatu ya bendi ya Sigur Rós ya Aisilandi, iliyotolewa mwaka wa 2002. Nyimbo zake nane hazina majina, kijitabu chake hakina maneno, na mwimbaji hutamka silabi zisizo na maana. Sauti ni tamu, sikatai. Hata hivyo, lugha ni maana na sarufi, humo hazimo. Taji naivika Ágætis byrjun ya 1999, iliyoimbwa zaidi kwa Kiaisilandi, lugha ya watu wasiofika 400,000. Walimwengu waliisikiliza bila kudai Kiingereza. Je, bendi za roki za Nairobi zinazokionea haya Kiswahili zina udhuru gani? Mcheza kwao hutunzwa.