Mshauri wa Mawasiliano: Si Kazi ya Kupamba Maneno

Siku hizi si ajabu katika Kirua Vunjo kumkuta mama ambaye binti yake, au mkaza mwana wake, ni ofisa uhusiano wa kampuni huko Moshi mjini, Arusha au Dar es Salaam. Wengi hudhani ni kazi ya kuvaa vizuri, kupokea wageni na kuisifu kampuni mbele ya waandishi wa habari. Kina mama, tuitazame kazi hii kwa karibu, maana ina heshima yake na ina majaribu yake.

Kazi yenyewe ni ipi?

Mshauri wa mawasiliano hupeleka maneno pande mbili. Upande mmoja, huwaeleza wafanyakazi, wateja na majirani kampuni inafanya nini na kwa sababu gani. Upande wa pili, ambao wengi hawauoni, humweleza mkurugenzi yale yanayosemwa na watu, hata kama ni machungu. Huandika matangazo, huandaa mikutano, hujibu maswali ya magazeti na redio. Lakini sehemu iliyo ngumu hufanyika kabla tangazo halijatoka: kukaa na mkuu wake faraghani na kumwambia, "Mzee, tukisema hivi watu hawatatuamini."

Funzo la kahawa

Sisi wa mlimani tunalo funzo la zamani juu ya jambo hili. Wakulima wa Kilimanjaro waliunda chama chao cha kahawa mwaka 1925, na mwaka 1933 kikafuatiwa na Chama Kikuu cha Ushirika, KNCU. Miaka ile bei ya kahawa duniani ilikuwa imeanguka. Wakulima walitakiwa kuuza kahawa yao kupitia ushirika peke yake, na wengi waliona malipo ni madogo. Manung'uniko yakakua, na mwaka 1937 ghasia zikazuka sehemu kadhaa za mlima.

Hatusemi kwamba maneno matamu yangepandisha bei. Njaa ya fedha haitulizwi kwa hotuba. Lakini mkulima asiyeelezwa fedha yake imekwenda wapi hujitafutia maelezo mwenyewe, na mara nyingi huyapata kwenye uvumi. Fikirini pia juu ya mama aliyechuma kahawa na kuikausha, huku jina katika daftari la chama likiwa la mumewe. Habari za malipo zilimfikia za mwisho, au hazikumfikia kabisa. Mshauri mzuri huuliza kwanza: ni nani anayeguswa na jambo hili, lakini hajaambiwa?

Ukweli una gharama

Kampuni kubwa za nje nazo zimepitia mtihani huo. Mwaka 1982, watu 7 katika eneo la Chicago, Marekani, walikufa baada ya kumeza vidonge vya Tylenol vilivyotiwa sumu na mtu asiyejulikana. Kampuni ya Johnson & Johnson ingaliweza kunyamaza na kungoja polisi. Badala yake iliwaonya wananchi wasitumie dawa hiyo, na ikarudisha kutoka madukani chupa zipatazo milioni 31. Hasara ilikuwa kubwa mno, lakini wateja walirudi, kwa kuwa waliona wameambiwa mapema. Wahenga walisema, mficha maradhi kifo humuumbua.

Jaribu la mama mwenye kazi hii

Sasa tuseme mkubwa anamwagiza atangaze kwamba hakuna mfanyakazi atakayepunguzwa, naye ameiona orodha ya majina mezani. Ana karo ya watoto na kodi ya nyumba. Afanye nini? Kwanza, aseme na mkuu wake faraghani, kwa adabu, na amwonyeshe madhara yatakayofuata. Pili, alete njia nyingine: kama jambo haliwezi kutangazwa leo, kampuni iseme uamuzi haujawa tayari kutangazwa na itaje siku ya kutoa jibu. Tatu, aweke ushauri wake katika maandishi. Kunyamaza kwa muda juu ya siri halali ya ofisi si uongo. Lakini kutia jina lake chini ya neno analojua si kweli ni jambo jingine, na hapo ni heri akatae. Waliodanganywa watamkumbuka yeye aliyesema, wala si yule aliyemtuma.

Nyumbani nako

Kazi hii haina saa. Simu yaweza kulia usiku kwa sababu ya ajali au habari iliyotoka gazetini. Ni vema mume aelezwe mapema, ili simu za usiku zisilete mashaka katika ndoa. Na siri za ofisi zibaki ofisini. Zisiletwe sokoni wala kwenye kikundi cha kina mama, hata kwa shoga wa karibu.

Wewe mama mwenye binti anayetamani kazi hii, usimfundishe kusema vizuri tu. Mzoeze tangu utotoni kuleta habari mbaya mapema: sahani iliyovunjika, alama mbaya za shule, fedha iliyopotea njiani. Naye akileta, umsikilize kwanza kabla ya kumkaripia. Mtoto aliyezoea kumwambia mzazi wake kweli bila woga ataweza kumwambia na mkurugenzi.