Pikipiki ya kupelekea mizigo: usinunue kwa macho

Wauzaji wenzangu wa mtandaoni, somo hili nimelilipia.

Nilipoanza kuuza viatu hapa Mwanza, nilinunua pikipiki ya mkononi kwa sababu ilikuwa kali: tangi limechongoka, siti ya nyuma imeinuka. Mzigo ukakosa pa kukaa. Napandisha Bugando na boksi mgongoni, mikono inakufa ganzi. Ikaharibika, spea mpaka Dar. Wiki nzima wateja wanasubiri; wawili wakadai hela zao, nikarudisha.

Nikaiuza kwa hasara, nikachukua Boxer ya cc 150. Sasa naangalia hivi:

1. Nguvu: mji wetu ni mawe na milima. Ijaribu mlimani ukiwa na mzigo, siyo tambarare. Mizigo myepesi? Cc 125 inatosha.

2. Starehe: iendeshe nusu saa. Miguu ifike chini, mgongo usiume, shokapu zisigonge.

3. Spea: muulize fundi wa mtaani kwako kabla ya muuzaji.

4. Kadi: jina liwe la anayekuuzia, kisha hamisha umiliki TRA.

5. Muonekano: mwisho kabisa. Boksi safi nyuma lenye jina la duka na namba yako, huo ndio urembo unaoleta wateja.

Wewe unatumia ipi? Tuambie hapo chini.