Biskuti za jemu za Idi: Kwa nini Bujumbura huzioka kabla mwezi haujaandama

Katika mtaa wa Buyenzi, jijini Bujumbura, ambako Kiswahili ndiyo lugha ya nyumbani kwa wakaazi wengi, siku ya Idi-ul-Fitri haijulikani kwa yakini hadi usiku wake. Mfungo wa Ramadhani huwa wa siku 29 au 30. Mwezi ukiandama jioni ya siku ya 29, mpishi hubakiwa na usiku mmoja tu kabla wageni hawajaanza kubisha hodi. Kwa sababu hiyo vitafunio vikavu huandaliwa mapema, na miongoni mwake biskuti za jemu ndizo zinazodai hesabu kali zaidi: zikijazwa mapema hulainika, na zikiachwa hadi usiku wa mwisho hutegemea umeme usioaminika.

Hasara nayo si ndogo. Sukari, ambayo nchini Burundi huzalishwa na kiwanda cha SOSUMO katika eneo la Moso, imeadimika mara kwa mara katika miaka ya karibuni, na uhaba wa mafuta ya magari umeongeza gharama za kusafirisha bidhaa. Familia iliyodunduliza kilo moja ya sukari haina ya kurudia trei iliyoharibika.

Kipimo ni rahisi kukumbuka: unga sehemu tatu, siagi au majarini sehemu mbili, sukari iliyosagwa sehemu moja. Gramu 375 za unga, 250 za siagi na 125 za sukari, pamoja na kiini cha yai na hiliki kidogo, hutoa biskuti ndogo zipatazo 45. Adui wa kwanza ni joto la jiji lenyewe. Kando ya Ziwa Tanganyika siagi huyeyuka mchana, na donge lenye siagi iliyoyeyuka hutandazika kwenye trei badala ya kusimama. Afadhali kukanda usiku, kuliacha donge mahali penye ubaridi, na kuoka alfajiri.

Anayetumia oveni ya umeme huiweka nyuzi 180 kwa dakika 12 hadi 15. Wengi hawana oveni, au wanayo na umeme umekatika. Hao hupalia: makaa machache chini ya sufuria nzito na mengi zaidi juu ya kifuniko, kama inavyofanywa kwa mkate wa kumimina. Moto wa juu ukizidiwa na wa chini, biskuti huungua tumbo huku uso ukibaki mweupe.

Jemu ndipo penye siri, na hapa vitabu vya mapishi humpotosha msomaji wa Bujumbura. Vingi huagiza jemu ichemshwe hadi nyuzi 104 au 105, kiwango kinachofaa kwenye usawa wa bahari, ambako maji huchemka kwa nyuzi 100. Bujumbura iko takriban mita 800 juu ya bahari, na maji huchemka karibu na nyuzi 97. Jemu huwa tayari ikifika takriban 102. Huko Gitega, kwenye mita zipatazo 1,500, kiwango hushuka zaidi. Anayesubiri 105 atapata kitu kigumu chenye ladha ya sukari iliyoungua. Kipimo kisichodanganya ni sahani baridi: tone moja liachwe lipoe, kisha lisukumwe kwa kidole. Likifanya mikunjo, jemu imeiva.

Tunda nalo lina lake. Mapera yana pektini nyingi, ile dutu inayoifanya jemu igande. Nanasi lina kidogo, hivyo husaidiwa na maji ya limau au kuchanganywa na mapera. Kupunguza sukari kunawezekana, lakini sukari ndiyo inayoihifadhi jemu. Yenye sukari haba ipikwe siku chache tu kabla ya Idi, na isiachwe nje ya jokofu kwa muda mrefu.

Biskuti hulainika kwa sababu moja: maji huhama kutoka penye unyevu kwenda pakavu. Jemu ni nyevu, biskuti ni kavu, na zikikutanishwa hazitulii hadi zikaribiane. Kwa siku mbili za mwanzo hali hiyo ni nzuri, maana biskuti hulegea kidogo na kushikamana na jemu. Baada ya hapo hupoteza umbo. Waoka biskuti za Linz za Krismasi huko Austria hukabiliana na tatizo hilohilo.

Suluhisho ni kuvitenganisha. Biskuti zenye kishimo cha kidole katikati huokwa tupu, hupozwa kabisa, na hufungiwa kwenye bati lenye kifuniko kinachobana; hudumu hata wiki mbili. Zikifunikwa zingali na joto, mvuke wake wenyewe huziharibu. Miaka hii Idi imeangukia majira ya mvua, mwezi Machi na Aprili, hivyo bati lisifunguliwe ovyo, hata watoto wakiomba. Zikiwa zimelegea, dakika tano za moto mdogo huzirudisha. Mwezi ukishatangazwa, kujaza jemu kwenye biskuti zote 45 ni kazi ya nusu saa, na haihitaji umeme.

Zinazopelekwa kwa jamaa walioko Rumonge au Nyanza-Lac husafiri vizuri zaidi zikiwa tupu, jemu ikiwa kwenye chupa yake.