MAWIMBI YASIYOONEKANA NA MAJI YA TURKANA

Mwezi wa Septemba 2013 Serikali ya Kenya na shirika la UNESCO zilitangaza mjini Nairobi ya kwamba maji mengi yamegunduliwa chini ya ardhi ya Turkana, upande wa Lodwar na katika uwanda wa Lotikipi, kaskazini ya Kakuma. Watu walistaajabu kusikia ya kuwa uchunguzi huo ulisaidiwa na vyombo vinavyozunguka dunia huko angani. Je, chombo kilicho mbali hivyo chawezaje kutafuta maji? Ili kujibu swali hilo, yatupasa kwanza kufahamu jambo ambalo wataalamu huliita spektra ya sumakuumeme.

Mtu akitupa jiwe bwawani, mawimbi hutokea na kuenea. Nguvu za umeme na sumaku zikitikiswa hutoa mawimbi pia, lakini haya hayahitaji maji wala hewa ya kuyachukua. Hupita hata mahali patupu, kwa mwendo wa karibu kilomita 300,000 kwa sekunde moja. Katika 1865 James Clerk Maxwell, mtu wa Scotland, alieleza kwa hesabu ya kwamba nuru ni mawimbi ya namna hii; na baada ya miaka ishirini na zaidi Heinrich Hertz, Mjerumani, akathibitisha kwa majaribio kwamba yako na mengine yasiyoonekana.

Mawimbi haya yote ni ya ukoo mmoja. Hupambanuliwa kwa urefu wake, yaani nafasi iliyopo kati ya kilele cha wimbi moja na kilele cha lifuatalo. Ya redio ya FM yana urefu wa mita 3 hivi. Ya simu ya mkononi na ya rada hupimwa kwa sentimita. Mafupi zaidi ni ya joto, ambayo twayasikia mwilini wakati mawe ya Lodwar yanapotoa joto baada ya jua kuchwa. Kisha huja nuru, tangu nyekundu hata urujuani, nayo ndiyo huendesha pampu za visima vyenye vioo vya jua. Baada ya urujuani yako mawimbi yasiyoonekana yanayounguza ngozi na kudhuru macho, kisha eksirei ya hospitali, na mwisho miali ya gama. Safu hii nzima ndiyo spektra, na jicho la mwanadamu huona sehemu yake ndogo sana.

Sasa turudi Turkana. Rada hupeleka mawimbi yake chini, na ardhi huyarudisha kama mlima urudishavyo sauti. Mawimbi hayo hupita mawinguni, tena usiku na mchana ni mamoja kwake. Mchanga ukiwa mkavu kabisa, yaweza kupenya kidogo. Udongo wenye unyevu huyarudisha kwa namna nyingine. Lakini rada haiwezi kufikia maji yaliyo mamia ya mita chini. Kwa hiyo wataalamu waliunganisha habari zake na elimu ya miamba, kisha wakachimba ili kuhakikisha.

Baadaye maji ya Lotikipi yalipopimwa, yalionekana kuwa na chumvi nyingi, hata hayafai kunywewa pasipo kusafishwa. Habari hiyo iliwahuzunisha wengi, maana katika nchi ile mama huchimba mchanga wa mto mkavu ili apate maji ya watoto na mbuzi. Hata hivyo mawimbi hayakudanganya. Yaliulizwa mahali pa kuchimba, wala hayakuulizwa ladha ya maji.

Basi, msomaji asikiapo habari za ugunduzi kama huu, na aulize mambo matatu: Je, kisima kimechimbwa? Maji yamepimwa? Nani atakitunza kisima hicho? Mawimbi huonyesha njia tu. Kazi ya kuyaleta maji mpaka mtungini ni ya watu.