Mtoto akirudishwa nyumbani, mzazi aende shuleni namna gani?

Wazazi wapendwa, nanyi viongozi wa jamaa zilizohamishwa na vita,

Tuchukue mfano ambao wengi wenu mtautambua. Mtoto wa darasa la tatu, aliyekimbia Masisi pamoja na mama yake, anaketi kwenye benchi moja na wenzake wanne. Benchi ni la watu watatu. Mmoja anamsukuma, yeye anarudisha, kalamu inaanguka, darasa linacheka. Mwalimu amekwisha kuwanyamazisha mara mbili asubuhi hiyo. Anamtoa nje yule aliyeonekana akisukuma mwisho na kumwambia: “Usirudi bila mzazi.”

Jambo lenyewe ni dogo, lakini tazama linavyokua njiani. Mama anafikiri ataombwa pesa, kwa hiyo haendi. Mtoto anakaa nyumbani siku tatu, halafu wiki nzima. Jirani anapouliza, mama anajibu kwamba shule ile haitaki watoto wa wakimbizi. Neno hilo linafika kwenye kikao cha wahamiaji na kutoka hapo likiwa limeongezeka. Upande wa pili, wenyeji wa kartiye wanasema kwamba watoto waliokuja hawakulelewa. Na mpaka hapo hakuna mtu hata mmoja aliyemwuliza mwalimu ni nini kilichotokea.

Kambi kubwa za kandokando ya Goma zilivunjwa mwaka 2025. Jamaa nyingi ziliingia katika nyumba za wenyeji, nyingine zilirudi vijijini mwao, lakini jina la “mtoto wa kambi” liliwafuata watoto mpaka darasani. Kwa sababu hiyo tunaona ni lazima kosa dogo la shuleni litengenezwe mapema, na wale linaowahusu, yaani mzazi na mwalimu, kabla halijapewa kabila.

Tuanze na hofu ya pesa, maana ndiyo inayowazuia wengi. Katiba ya mwaka 2006 inasema kwamba masomo ya msingi katika shule za serikali ni ya lazima na ni ya bure, na serikali ilianza kuitimiza ahadi hiyo mwezi wa 9 mwaka 2019. Mzazi akiitwa kwa ajili ya mwenendo wa mtoto, hakuitwa kulipa minervali. Kama mtu anamwomba faini kwa sababu mtoto alisema-sema darasani, asigombane naye: aombe kwa upole karatasi yenye muhuri wa shule, kisha aipeleke kwa komite ya wazazi. Mara nyingi karatasi hiyo haitapatikana, na faini nayo itapotea.

Kabla ya kwenda, umsikilize mtoto. Tunajua kwamba wazazi wengi, kwa aibu ya kuitwa, wanamchapa kwanza na kumwuliza baadaye, na mtoto aliyechapwa anasema lolote litakaloisha upesi. Mwulize alikuwa anafanya nini kabla ya mwalimu kukasirika, na mwalimu alisema maneno gani. Pengine utakuta sababu iko nyumbani kwako. Mtoto anayeamka usiku kwenda kuchota maji na bidoni atachelewa, na akifika mapema atasinzia. Mwingine anasumbua wenzake saa ya Kifaransa kwa sababu hasikii kinachosemwa. Mwingine tena, gurudumu la lori likipasuka barabarani, anaruka na kukimbia nje, na mwalimu anaandika kwamba ametoroka. Huyo wa mwisho hana utundu wowote. Mwalimu hawezi kujua aliyoyaona mtoto huyo kama wewe hukumwambia.

Mwalimu naye tumwone alivyo. Tangu masomo yawe ya bure, madarasa yamejaa sana, na kuna walimu waliofundisha miaka mingi wakingoja kuandikwa kwenye orodha ya mishahara ya serikali. Kuna pia shule ambazo jamaa zilizokimbia zililala madarasani, na mabenchi yakapasuliwa kuwa kuni. Aliyeyapasua alikuwa na watoto wenye njaa, tunaelewa, lakini mwalimu aliyerudi na kukuta darasa tupu bado anakumbuka. Ukimsikia akisema kwa ukali, usifikiri mara moja kwamba ukali huo ni kwa ajili ya mtoto wako.

Basi nenda, ikiwezekana kesho yake. Nenda mwenyewe, usimtume dada wa mtoto. Usiingie wakati wa somo. Ngoja kengele, na pale wanaposoma kwa zamu, ujue zamu ya mwalimu huyo inamalizika saa ngapi. Pitia kwanza kwa direkta kumsalimu, ndiyo desturi, na inakukinga usionekane umekuja kumvamia mwalimu. Kiswahili kinatosha. Unaweza kusema: “Jambo mwalimu. Mimi ni mama yake fulani. Nimesikia neno lililotokea juzi kwa upande wa mtoto, sasa nimekuja kulisikia kwako.” Halafu unyamaze umsikilize mpaka mwisho. Kama mtoto alikosa, kubali kosa hilo, hilo tu. Ndipo ueleze habari ya maji, ya usingizi au ya lori, na umwombe msimamo mmoja ambao mtaushika wote wawili, kwa mfano mtoto aketi mbele kwa wiki mbili, na ijumaa upite kuuliza.

Kama mtoto alipigwa au alipigishwa magoti kwa muda mrefu, sema pia, bila kelele. Sheria ya kulinda mtoto ya tarehe 10 mwezi wa 1 mwaka 2009 inataka adabu shuleni itolewe kwa utu. Direkta anaijua.

Kwenu viongozi tuna ombi. Mzazi akileta neno la namna hii kikaoni, msilihukumu. Mwulizeni kwanza kama amekwisha kumwona mwalimu. Akiogopa kwenda peke yake, asindikizwe na mtu mmoja, na afadhali awe mzazi mwenyeji ambaye mtoto wake anasoma darasa lilelile. Wanaume kumi wakiingia uwanja wa shule, hata kama wamekuja kwa amani, direkta ataona ni vita. Mambo yanayorudi kila mara yapelekwe kwenye komite ya wazazi, na hapo kuna kazi yenu kubwa zaidi: komite nyingi zilichaguliwa kabla ninyi hamjafika, kwa hiyo hamna mtu ndani yake. Ombeni kiti kimoja. Ni rahisi kukiomba wakati hakuna ugomvi.

Yote haya ni kwa makosa madogo. Mtoto aliyejeruhiwa, au aliyeshikwa kwa nguvu na mtu mzima, au aliyeombwa mwili wake ili apewe pointi, habari yake haitengenezwi kwa salamu, wala kwa mbuzi kati ya jamaa mbili. Hiyo apelekwe kwa mganga siku hiyohiyo na mashtaka yafuate. Sheria za mwaka 2006 juu ya ubakaji hazikuacha nafasi ya mapatano ya kichinichini.

Turudi kwa yule mama wa Masisi. Akimaliza kuongea na mwalimu, asiondoke bado. Aulize ni masomo gani mtoto amekosa kwa siku alizokaa nyumbani, na nani katika benchi lile anaweza kumwazima daftari ayanakili. Pengine mwalimu atamtaja yule yule aliyesukumana naye.