Uteuzi wa Kiendeshi cha Pampu Ndogo ya Dawa kwa Rufaa za Wajawazito: Mazingira ya Dutwa, Bariadi

Makala haya yanafafanua uteuzi wa kiendeshi, yaani sehemu inayosukuma dawa, katika pampu ya kubebeka inayokusudiwa kwa mama mwenye kifafa cha mimba anayepewa rufaa kutoka Dutwa kwenda Bariadi mjini. Dawa inayohusika ni magnesiamu salfeti. Baada ya dozi ya kwanza ya gramu 4 mshipani, mgonjwa huendelea kupewa gramu 1 kila saa. Ikipungua, degedege huweza kurudi; ikizidi, hudhoofisha upumuaji. Ndani ya gari linalotikisika, kuhesabu matone ya dripu hakuaminiki.

Kiendeshi cha springi huvutia kwa kuwa hakihitaji umeme. Hata hivyo, springi hutoa msukumo tu. Kasi huamuliwa na wembamba wa mpira na mnato wa dawa. Mnato wa maji hupungua kwa takriban asilimia 20 joto linapopanda kutoka nyuzi 20 hadi 30 za Selsiasi, na mtiririko huongezeka kwa takriban robo. Tofauti ya namna hiyo kati ya alfajiri na adhuhuri haiwezi kupuuzwa.

Skrubu inayozungushwa na mota ya hatua haiathiriwi hivyo. Tuchukue bomba la sindano la mililita 20 lenye kipenyo cha ndani cha milimita 20, skrubu inayosogea milimita 1 kwa kila mzunguko, na mota yenye hatua 200 kwa mzunguko. Katika myeyusho wa asilimia 20, gramu 1 ni mililita 5. Kisukumio kitasogea milimita 15.9 kwa saa, yaani hatua moja kila sekunde 1.13, na bomba litatosha saa 4. Aidha, skrubu yenye mwinamo mdogo hairudishwi nyuma na msukumo wa dawa. Mota huweza kuzimwa kati ya hatua, na betri ikadumu. Skrubu ya gololi, ijapokuwa husifiwa kwa wepesi wake, hupoteza sifa hiyo.

Udhaifu ulio mzito zaidi umo katika bomba lenyewe. Mabomba ya mililita 20 ya viwanda mbalimbali hayana kipenyo kimoja. Likiwekwa lenye milimita 19, mota itahesabu hatua zake bila kosa huku mgonjwa akipata pungufu ya takriban asilimia 10. Likiwa na milimita 21, atazidishiwa kwa kiasi kama hicho. Kupima kipenyo cha nje hakutoshi, kwani unene wa ukuta nao hutofautiana. Muundo unaopendekezwa hausukumi dawa mpaka mkunga achague aina ya bomba aliloliweka.